Mgongo Mmoja, Watoto Wawili

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi, vinyago na mashairi. Mimi ni mtunzi wa mashairi, wala sitarajiwi kuvidharau vitu hivyo. Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alilitaka taifa lililokuwa changa lizirejee mila za makabila yote, lichague zilizo bora na kuzifanya kuwa fahari yake. Hata hivyo, nimeishi miaka ya kutosha kutambua kwamba ziko mila ambazo hazichezwi uwanjani wala hazipigiwi makofi. Mila hizo hukaa jikoni, kitandani na mgongoni mwa mama. Katika insha hii nakusudia kueleza moja kati ya hizo, nayo ni namna nyumba inavyojipanga upya pale mtoto mchanga anapoingia ndani yake, ilhali mwingine angali hajui hata kufunga vifungo vya shati lake. Sitaieleza kwa kuwa mimi ni mtaalamu wa malezi, la. Nitaieleza kwa kuwa niliikosea, na kosa langu nusura linigharimu mwana.

Nanyala, ninakokaa, imo katika Wilaya ya Mbozi. Zamani tulihesabiwa katika Mkoa wa Mbeya, na tangu mwaka 2016 tumo katika Mkoa wa Songwe. Hii ni nchi ya Wanyiha, nchi ya mahindi, maharage na kahawa, yenye baridi kali miezi ya Juni na Julai. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda mpakani Tunduma hupita kwetu, na usiku mtu aliye macho husikia malori yakinguruma katika mlima wa Senjele, yakiwa na shehena ya kwenda Zambia na Kongo. Nasema mtu aliye macho, maana mwaka 1999 nilikesha usiku mwingi, hata nikaweza kulitofautisha lori lenye mzigo na lori tupu kwa kusikia mngurumo wake tu.

Wakati huo nilikuwa karani serikalini. Elimu yangu ilikuwa ya kidato cha nne, hati yangu ya mkono ilisifiwa, na mashairi yangu yalikuwa yameanza kutoka magazetini. Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume mwezi Oktoba 1997, na mwezi Juni 1999 akajifungua wa kike. Msomaji akihesabu ataona kwamba kati ya wawili hao ilipita miezi 20 tu. Kwa hiyo kifungua mimba wetu alikuwa angali akinyonya pale mama yake alipojitambua kuwa ana mimba nyingine. Kwa desturi tuliyoikuta, mama mjamzito hanyonyeshi, kwani husemwa kwamba maziwa yake yameharibika. Basi mtoto akaachishwa ziwa kwa siku moja, akiwa na umri wa miezi 14. Alilia siku tatu, kisha akanyamaza. Nikadhani amezoea.

Siku tuliyomleta mtoto mchanga nyumbani, nyumba ilijaa wanawake. Wengine walikuja na unga wa ulezi, wengine na kuku, wengine na mzigo wa kuni kichwani. Huo ndio uungwana wetu, nami sina la kuulaumu. Kila aliyeingia aliuliza, “Mgeni yuko wapi?” na kila aliyeuliza alipita moja kwa moja hadi kitandani. Mwanangu alikuwa amekivuta kigoda chake kidogo hadi kando ya mama yake, ameketi hapo kama mlinzi. Akaambiwa, “Sogea kidogo, usije ukamwumiza mtoto.” Akasogea. Akaja mwingine, akaambiwa vivyo hivyo, akasogea tena, mpaka kigoda kikafika mlangoni. Hata neno “mtoto”, ambalo hadi jana yake lilikuwa lake yeye, lilikuwa limekwisha kupewa mwingine.

Mama mkwe alikaa nasi majuma mawili. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, naye alikuwa na shamba lililomngojea; akaondoka akitusikitikia. Mama yangu mzazi alikuwa amekwisha fariki dunia. Tukabaki watu wanne, na kati ya wanne hao wawili hawakujua kusema, mmoja alikuwa bado na udhaifu wa uzazi, na wa nne, ambaye ni mimi, hakujua kwamba anahitajika. Asubuhi nilikwenda kazini. Jioni nilirudi, nikala, kisha nikaketi karibu na taa ya chemli kutunga. Naona haya kusema kwamba katika siku hizo nilitunga shairi refu la kuyasifu maziwa ya mama, na usiku nilioutia vina ubeti wa mwisho, mwanangu alikuwa amelala kwa ugali na chai ya rangi.

Mke wangu naye alikuwa akilia jioni bila sababu niliyoweza kuiona. Nilimwuliza ni nani aliyemkosea, akasema hakuna. Nilimwuliza ana upungufu gani, akasema hana. Nikaona ni ukosefu wa shukrani, nikatoka nje kwenda kuzungumza na wenzangu. Siku hizi wauguzi hufundisha kwamba mzazi aweza kupatwa na huzuni baada ya kujifungua, na kwamba huzuni hiyo ikizidi ni maradhi yenye kuhitaji tiba. Mimi sikufundishwa hivyo, wala sikuuliza.

Ama kifungua mimba wetu alikuwa amekuwa mtulivu. Hakulilia tena mgongo wa mama yake. Alikaa pale alipowekwa. Tulimsifu kwa utulivu huo, na majirani walisema kwamba amenenepa mashavu. Alikuwako bibi mmoja jirani yetu, mkunga wa jadi aliyewapokea watoto wengi wa pale kijijini kabla wanawake hawajazoea kujifungulia zahanati. Asubuhi moja alipita kumjulia hali mzazi. Nikamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akajibu, “Marahaba, mwanangu,” lakini macho yake hayakuwa kwangu. “Hebu mlete huyo hapa penye mwanga.” Akamshika mtoto mguu, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya wayo, kisha akakiondoa. Shimo likabaki pale pale kama alama ya kidole katika unga uliokandwa. Akazipapasa nywele zake, ambazo zilikuwa zimekuwa laini na nyekundu nasi hatukujali. Kisha akasema, “Baba, huyu hakunenepa. Huyu anaondoka.”

Niliingia ndani kuitafuta kadi yake ya kliniki. Wasomaji wengi wanaijua kadi ile. Ndani yake mlikuwa na ukanda wa kijani, wa kijivu na wa mwekundu, na kila mwezi uzito wa mtoto uliwekewa alama ya nukta. Nukta za mwanangu zilikuwa zikipanda vizuri ndani ya kijani hadi mwezi alipoachishwa ziwa. Kuanzia hapo zilinyooka kama mtu aliyelala, kisha zikaanza kushuka. Mimi nilikuwa karani, kazi yangu ilikuwa kusoma majalada ya watu kutwa. Jalada la mwanangu lilikuwa chini ya mto wa kitanda changu, na sikuwa nimelifungua hata mara moja.

Tulilazwa hospitali. Nasema tulilazwa, kwa sababu mama yake alikuwa bado katika siku arobaini, na mtoto mchanga hakuweza kupelekwa katika wodi ya wagonjwa. Basi niliomba likizo yangu ya mwaka, nikaenda mimi. Wodi nzima ilikuwa ya akina mama, mwanamume nikiwa peke yangu. Tiba yenyewe haikuwa ya ajabu: maziwa yaliyochanganywa na sukari na mafuta, kidogo kidogo kwa kikombe, kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Tabu ilikuwa kwamba mwanangu hakutaka kikombe, wala hakumtaka mtu. Aligeuza uso ukutani. Mtoto wa njaa ya kawaida hulia akiona chakula. Huyu alikuwa amekinai dunia.

Mama mmoja wa kitanda cha pili, ambaye mwanawe alikuwa na ugonjwa huo huo, alinitazama kwa siku mbili, kisha akanyanyuka na kanga yake. “Inama, baba,” akaniambia. Nikainama. Akamweka mwanangu mgongoni pangu, akanifundisha kuivuta mbeleko chini ya kwapa na kuifunga kifuani. Nikatoka nje naye. Siku ya kwanza nilikwenda nyuma ya jengo, mahali pasipopita watu, maana mlangoni walikuwako wanaume waliokuja kutazama wagonjwa, na mmoja wao alikwisha sema kwa sauti, “Karani kajifungua!” Wote wakacheka. Siku ya pili nilipita mbele yao, si kwa ushujaa, bali kwa kuwa mtoto alikuwa amepata usingizi na njia ya nyuma ilikuwa na matope. Nilizisikia pumzi zake katika uti wa mgongo wangu. Aliponizoea, akakubali kikombe kutoka mkononi mwangu.

Baada ya siku chache mizani ilionyesha kwamba amepungua, moyo ukaniruka. Muuguzi akanieleza kwamba kilichopungua ni maji ya uvimbe, tena ni heri. Akaniambia pia nisiitazame mizani peke yake. Nimtazame uso, kwani mtoto wa ugonjwa huu akianza kutabasamu, amekwisha amua kubaki. Siku ya kumi alitabasamu. Alikuwa akimtazama kuku aliyeingia wodini.

Ugonjwa ule tunauita kwashakoo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua asili ya neno lenyewe. Si la Kiingereza, kama nilivyodhani, bali ni la lugha ya Kiga ya nchini Ghana. Daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifanya kazi huko wakati nchi ikiitwa Gold Coast. Akawasikia akina mama wakiutaja ugonjwa kwa jina hilo, na mwaka 1935 akaliandika katika jarida la madaktari liitwalo Lancet. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa mahali pake mwenziwe anapozaliwa. Nilipoisoma maana hiyo nilikiona tena kile kigoda kikisogea kuelekea mlangoni. Madaktari wana maelezo marefu juu ya lishe na maambukizo, nayo ni ya kweli. Lakini akina mama wa Ghana walikuwa wamekwisha kuona chanzo chake nyumbani, nao wakakitia katika neno moja.

Tuliporudi Nanyala, nilijua kwamba mgeni wa kweli katika nyumba yetu hakuwa yule mchanga. Mchanga hupokewa na kijiji kizima. Mgeni ni yule mkubwa, ambaye ameamka asubuhi akaikuta nyumba aliyoizoea imekuwa ya mwingine, wala hana maneno ya kuuliza sababu. Basi tukaipanga nyumba upya. Alfajiri niliteka maji na kupika uji wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa na maziwa niliyoyanunua kwa jirani. Mtoto alikula mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Mama yake alipomnyonyesha mdogo, mkubwa aliketi ubavuni pake, kikombe chake mkononi, ili wote wawili wawe wanakunywa kwa pamoja. Alipewa kazi ya kuleta nepi, naye aliifanya kwa fahari kama tarishi wa mkuu wa wilaya. Na kila mgeni aliyefika nilimwomba jambo moja tu: amsalimu mkubwa kwanza, kisha amwombe yeye ampeleke kumwona mdogo wake.

Jioni nilimbeba mgongoni kwenda bombani. Maneno hayakukosekana. Mzee mmoja ninayemheshimu alinisimamisha njiani akaniuliza kwa upole kama mke wangu amenilisha limbwata. Nikamjibu, “Mzee, mgongo wa mama yao ni mmoja, na watoto ni wawili.” Akafikiri kidogo, akasema, “Kweli, hesabu haigawanyiki,” akaenda zake. Ama mke wangu, sikumwuliza tena kwa nini analia. Nilimpokea mtoto mikononi nikamwacha alale, na polepole machozi yale yakakoma.

Yawezekana msomaji atauliza kama nimeiacha mila nikashika ya kigeni. Sivyo hata kidogo. Wazee wetu hawakumwacha mzazi peke yake. Siku arobaini zilikuwa zake za kupumzika, shangazi na bibi walipika, na dada wakubwa walibeba watoto. Aidha, waliwaonya wazazi wasibebane na mimba mapema, na mtoto aliyedhoofika kwa sababu hiyo walisema amebemendwa. Maelezo yao na ya daktari hayafanani, lakini mwisho wake ni mmoja: mwana apewe muda wake. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na mtoto aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi pamoja na chakula kingine. Nasi nchini tuna Chama cha Uzazi na Malezi Bora, UMATI, kilichoanza mwaka 1959, na Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa mwaka 1973. Pale Iringa, kuanzia mwaka 1983, wanakijiji wenyewe katika vijiji 168 walifanya kazi ya kuwapima watoto uzito na kujadili mikutanoni kwa nini fulani amepungua. Huko kadi ya mtoto haikukaa chini ya mto; ilikuwa jambo la baraza.

Kilichobadilika ni wabebaji. Bibi ana shamba lake mbali, shangazi yuko mjini, na dada mkubwa yuko shuleni, mahali anapostahili kuwa. Hatutaki arudishwe nyumbani kuwa yaya. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga. Basi mkono wa pili utoke wapi kama si kwa baba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Naye baba imempa angalau siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Ni jambo la kushukuru kwamba baba ametajwa. Lakini mimi niliyejifunza katika wodi najua kwamba siku 3 hazitoshi hata kujifunza kufunga mbeleko. Zilizobaki hatuna budi kuziiba katika jioni zetu, katika vijiwe vyetu na, kwa sisi watunzi, katika vina na mizani.

Hivi karibuni binti yetu, yule aliyezaliwa Juni 1999, alikuja kutoka Tunduma kupumzika kwetu baada ya kujifungua mtoto wake wa pili. Gari liliposimama barabarani, watu wote walimkimbilia aliyebeba kanga yenye mtoto. Nyuma yake alishuka mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu, ameshika pindo la gauni la mama yake, anawatazama watu wale kwa macho niliyoyatambua mara moja.

Nikachuchumaa mbele yake. “Shikamoo, babu,” akasema, kama alivyofundishwa njiani. “Marahaba, mume wa bibi yako. Umechoka?” Akatikisa kichwa kuwa hakuchoka, kisha akatikisa kuwa amechoka. Nikamgeuzia mgongo nikainama. Alipanda bila kuambiwa. Mgongo wangu si ule wa mwaka 1999, na kunyanyuka kulinichukua muda. Lakini mjomba wake, kifungua mimba wetu, alikuwapo, akanishika mkono akaniinua. Sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Mama yake aliwahi kumsimulia habari za wodini, naye alicheka sana aliposikia kwamba nilifungwa mbeleko. Kuhusu kigoda na mlango, hakumbuki lolote. Nami namshukuru Mungu kwamba hakumbuki.